Kitunguu Pori cha Kaburi la Lusia

Kuna watu wamejaliwa sauti ya kuimba, wengine mikono ya kusuka mikeka. Rozalia wa Kakese alijaliwa kudharau. Na nyie msidhani ni jambo dogo hilo. Kumdharau mtu vizuri kunataka macho, kunataka kumbukumbu, kunataka subira ya kukaa kibarazani na ungo wa mchele mapajani, unachambua chuya huku unachambua na wapita njia. Rozalia alikuwa navyo vyote. Akibetua midomo, hata aliyekuwa na haraka zake alijikuta anajikagua kama kafunga vifungo sawasawa.

Alimdharau katekista kwa kuimbia puani. Alimdharau Gervas, mwenyekiti wa jumuiya yao, ambaye akifungua mkutano kwa sala alikuwa anaufunga kwa hotuba ndefu kuliko misa. Aliwadharau wanaume wanaouza mahindi yote mwezi wa saba halafu mwezi wa kwanza wanazunguka na debe tupu kuomba ya kukopa. Lakini dharau yake iliyonona kuliko zote aliiweka kwa watu wa mjini wanaojidai kupanda maua.

Mnawajua. Wako Misunkumilo, huko Mpanda mjini, wako kila mtaa ambao umepata bati jipya. Ananunua mche barabarani ukiwa kwenye kiriba, anakata dumu la mafuta ya kula, anajaza udongo na mbolea, anauweka mche karibu na mlango ili wageni wauone. Asubuhi maji, jioni maji. Mwezi wa nane bomba likianza kutoa upepo, ua linalala chali, na mwenye ua anahaha huku na huku na kopo anatafuta pa kuchota. Rozalia alikuwa anasema hao hawana maua, wana wagonjwa. Kama unataka mgonjwa wa kunywesha uji, si uende hospitali ukamwombe mmoja.

Ua lake yeye lilikuwa kitunguu pori. Jina lenyewe halina mvuto, na ukikitafuta wakati wa kiangazi hutakiona, kwa sababu hakuna cha kuona. Majani yamekauka tangu mwezi wa sita, shina limeoza likapeperuka, juu ni udongo mtupu na nyufa zake. Kitunguu kiko chini kimelala, hakiombi maji, hakiombi kivuli, jua la Mpanda linachoma mpaka kuku wanahema na chenyewe kiko tu. Halafu mvua ya kwanza inapiga. Kabla hata majani hayajatoka, kinasukuma bua moja nene, na juu ya bua kichwa cha mviringo chekundu, nyuzinyuzi tupu, chekundu cha kukukera macho. Kinakaa siku chache hivi kinajishaua, kisha kinanyauka na majani ndiyo yanakuja. Ng'ombe hali, mbuzi hali, na utomvu wake ukikugusa unawashwa mpaka unakasirika.

Kukitunza ni kazi ya mtu asiye na kiherehere, na ndiyo maana Rozalia aliamini kwamba Kakese nzima hakuna mwingine aliyeiweza. Unakipanda shingo ikiwa sawa na ardhi, si chini zaidi. Unakichanganyia udongo na changarawe ili maji yasisimame. Mvua zikiwa zinanyesha unang'oa nyasi kwa vidole, jembe hapana. Majani yakianza kuwa njano usiyakate ati yanachafua mahali, yaache yafe yenyewe, ndicho chakula cha kitunguu hicho. Na kiangazi kikiingia unafanya kitu ambacho binadamu wengi hawakiwezi kabisa: unakaa mbali. Ukikimwagilia maji kimelala, kinaoza.

Asili ya ua hilo ilikuwa Lusia, mtoto wa pekee wa Rozalia. Alikuwa bado msichana wa kwenda uyoga na wenzake mvua zikianza, msitu wa huko mbele ya Litapunga, akarudi na kikapu kisichojaa nusu na hicho kitunguu juu kama zawadi ya Krismasi. Rozalia alicheka akasema tumekutuma mboga umetuletea kitunguu hata mbuzi hakitaki. Lusia hakujali. Alikipanda karibu na bafu la nje, maji ya kuoga yakakiozesha. Mwaka uliofuata akaenda akaleta vingine, akavipanda ubavuni mwa kichuguu pale nyuma ya jiko, pakavu, pa changarawe. Hapo vikakubali. Mama akabeza mwaka wa kwanza, akabeza wa pili, mwaka wa tatu akashikwa anahamisha kigoda chake kule nyuma ya jiko na ungo wake wa mchele. Akadai kibarazani pana vumbi.

Kisha Lusia akaolewa na Kelvin, muuza spea za pikipiki sokoni Mpanda, kijana mwenye maneno laini na viatu vilivyochongoka mbele. Rozalia hakumpenda tangu siku ya barua ya posa. Lusia akashika mimba, ikafika muda wake, akafa kwenye uzazi, na mtoto hakupona. Rozalia alidai azikwe Kakese, kwenye makaburi ya kigango cha kanisa letu, asimwachie Kelvin hata kaburi. Kelvin alilia pale mpaka akashikiliwa na watu wawili. Lakini machozi ya Kelvin yalikuwa nguvu ya soda, maana haikuchukua muda tukasikia ameoa tena, mwanamke kutoka Namanyere anaitwa Yustina. Rozalia alipoletewa habari hizo alisonya tu, msonyo mrefu mpaka aliyeleta habari akaaga.

Mvua za mwaka ule zilipopungua, alivichimbua vitunguu vyote vya nyuma ya jiko akavipeleka makaburini, akavipanda kuzunguka kaburi la mwanae. Vikanuna mwaka mzima bila kutoa ua, kama ambavyo hufanya vikihamishwa. Baada ya hapo vikazaana. Kila mvua ya kwanza ikipiga, tuta lile la udongo lilikuwa linavaa shada jekundu ambalo hakuna mtu aliyeliweka. Rozalia alikuwa anapanda kale kamlima ka makaburini na kigoda kichwani, anakaa pale asubuhi hadi jua kali. Nisiwafiche, alikuwa anafurahi. Katika siku hizo chache za mwaka, mwanamke yule aliyemdharau kila mwenye pumzi alikuwa anajisikia kama mwanae amekuja kumsalimia. Hapakuwa na kitu kingine duniani alichokitaka. Alitaka tu ua lile litoke mwaka hadi mwaka, hata yeye akiwa hayupo.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba, maana umri ulikuwa umekwenda na goti la kushoto lilikuwa limeanza kumgomea. Nani angelitunza? Alipitisha watu wote kichwani, mmoja baada ya mwingine, na wote akawatupa. Huyu mvivu, huyu mlevi, huyu atamwagilia, huyu atang'oa apande mchicha. Kwa hiyo hakumwambia yeyote kwamba chini ya udongo ule mtupu kuna kitu kimelala. Kumweleza mjinga aliona ni kupoteza mate.

Sasa mtu wa mbali lazima aelewe desturi yetu. Siku ya Marehemu Wote padri anakuja kubariki makaburi, na kabla ya siku hiyo watu wanapanda na majembe kuyasafisha. Na usafi wa kaburi kwetu si mchezo. Kaburi safi ni udongo mwekundu usio na hata jani moja, umelimwa, umevunjwavunjwa, umeinuliwa tuta upya, ukapigwapigwa kwa ubapa wa jembe mpaka unang'aa. Kaburi likiwa na nyasi siku hiyo, watu wanaangaliana, na kuangaliana huko maana yake ni kwamba marehemu hana watu. Mwezi wa kumi na moja unapoanza, vitunguu vya Lusia bado vimelala. Jembe likipita hapo linavikuta vyote.

Ndiyo maana kila mwaka Rozalia alitangulia. Alifika kabla ya wote, akaokota vijiti na majani makavu kwa mkono, akaketi kwenye ukingo wa kaburi na fimbo yake, na yeyote aliyesogea na jembe alitazamwa kuanzia unyayo hadi utosi mpaka akakumbuka ana kaburi la babu yake upande mwingine. Kelvin naye alikuwa anafika siku ya baraka, na nyie mnajua alileta nini? Maua ya plastiki, bado yako kwenye nailoni yake. Jua la hapa likayafanya meupe kama mfupa kabla ya Noeli. Mwaka jana alikuja mapema, siku ya kusafisha, na huyo mke wake. Yustina alipiga goti akatoa shikamoo, akasema na jambo jingine hivi kwa sauti ya chini, Rozalia akageuza uso akaanza kukung'uta kanga yake mpaka walipoondoka. Alijisifu jinsi alivyomkata.

Mwaka huu mvua zilichelewa, na Rozalia akateleza kisimani. Goti likavimba, akawa mtu wa kitandani na kibarazani, kibarazani na kitandani, anatembea kwa kushika ukuta. Gervas alikuja kumjulia hali na daftari lake la jumuiya kwapani, akamuuliza kama wana jumuiya wamsaidie kaburi la Lusia, maana Marehemu Wote imekaribia. Hapo mtu mwenye akili angefungua mdomo akasema, msilime, kuna maua chini. Maneno machache tu. Rozalia alimwangalia Gervas, akaangalia na lile daftari, akamwambia mkasafishe ya kwenu kwanza, la mwanangu liacheni kama lilivyo.

Gervas alipoondoka aliyapima mambo kwa utulivu. Jumuiya wamekatazwa, na kwa uvivu wao watafurahi. Kelvin hataligusa, atachafua viatu. Na yule mwanamke wa Namanyere ana ndugu gani pale? Hao wawili hata ukiwabeba mgongoni mpaka kaburini watalala njiani. Akajifunika shuka akalala usingizi mzuri. Alikuwa na uhakika kabisa na ubovu wa watu.

Siku mbili tatu baada ya Marehemu Wote, Gervas akarudi. Safari hii uso wake ulikuwa unang'aa, na Rozalia akajua kuna hotuba inakuja. Gervas alianza mbali, akapita kwenye mahudhurio, akapita kwenye padri alivyochelewa, akafika mwishowe kwenye kaburi la Lusia. Alisema kaburi lile mwaka huu lilikuwa mfano kwa kigango kizima. Padri mwenyewe alisimama akalisifia. Mke wa Kelvin alisikia kwamba mama anaumwa, akaja kutoka Misunkumilo akiwa na jembe lake, peke yake, akalima tangu asubuhi. Hakutaka watu waseme Lusia hana watu.

Rozalia alimuuliza alilima vipi.

Gervas akasema alilima haswa. Alishuka chini, akakuta mizizi minene kama vitunguu vya pori imejaa pande zote, ndiyo hiyo inayoharibu makaburi, akaing'oa yote mpaka ya mwisho, akairundika shimoni akaichoma.

Mwanamke mwingine angepiga kelele. Rozalia aliinamisha kichwa, na Gervas akadhani ameguswa na ule wema. Akafungua daftari atafute kama kuna la ziada. Rozalia alimwambia aende amwite Maiko, yule jirani mwenye pikipiki, amwambie aje sasa hivi. Gervas akaanza kusema kuhusu goti. Akatazamwa. Akaenda.

Maiko alimfikisha makaburini akimwendesha taratibu, na bado kila shimo la barabara lilimpandisha maumivu mpaka kiunoni. Akajikongoja kwa fimbo. Kweli, Gervas hakudanganya. Lilikuwa kaburi safi. Tuta limeinuka vizuri, pembe zimenyooka, udongo umepigwapigwa mpaka umekuwa laini kama sakafu iliyosilibwa juzi, na kichwani pameketishwa maua mapya ya plastiki, ya rangi ya waridi. Hapakuwa na unyasi. Hapakuwa na kitu. Rozalia alichokonoa udongo kwa ncha ya fimbo upande mmoja, akachokonoa upande wa pili, akazunguka lote. Fimbo ilikuwa inaingia kirahisi kabisa, kwa maana ndani hapakuwa na cha kuizuia.

Akarudi kwa Maiko akamwambia Misunkumilo.

Njiani aliyapanga maneno. Alikuwa na akiba ya miaka, tangu siku ya harusi ile ya pili, na alikuwa anaichambua kama mchele, anachagua yaliyo mazito. Walipofika, Yustina alikuwa nje anamenya mihogo. Na ukutani, bila shaka, yalikuwepo madumu yaliyokatwa, yamepangwa mstari, na maua yake ya kunyweshwa. Rozalia alipoyaona akahisi hata Mungu yuko upande wake. Kelvin hakuwepo, yuko sokoni na spea zake, kama kawaida ya wanaume wa aina yake, kwenye la maana hawapo.

Yustina alisimama haraka akafuta mikono, akaleta kigoda. Rozalia hakuketi.

"Umeshampata mume wake," alisema. "Umelala kitanda chake, umepikia sufuria zake, nimenyamaza. Sasa umemfuata mpaka kaburini ukang'oa na alichobakiza. Yale yalikuwa maua yake. Alikwenda kuyachimba mwenyewe msituni akiwa msichana. Wewe umeyachoma kama takataka, ukaweka uchafu wa plastiki, ukasifiwa na padri. Mtu mzima hovyo, huna hata haya."

Maiko pale kwenye pikipiki aligeuka akaanza kukagua tairi lisilo na tatizo. Jirani wa upande wa pili aliacha kupiga deki. Yustina alisimama na kisu cha mihogo mkononi, akakiweka chini. Alipoongea sauti ilitoka imenyooka.

"Mama, mwaka jana nilikuuliza. Nilipiga goti pale mbele yako nikasema, mama, hapa tunalima au panaachwa? Maana niliona wewe unaokota kwa mkono tu, nikajua kuna sababu. Ukageuza uso. Mwaka huu nimesikia unaumwa, nikasema nikiuliza tena nitafukuzwa tena. Nikafanya ninavyojua mimi."

Yale maneno yote aliyoyachambua Rozalia kutoka Kakese hadi Misunkumilo yalikuwepo, yamejipanga, na hakuna hata moja lililofaa. Aliikumbuka siku ile. Aliikumbuka ile sauti ya chini na jinsi alivyokung'uta kanga ili asiisikie. Alikuwa amesimulia kisa hicho kwa mashoga zake zaidi ya mara moja, akicheka. Swali lenyewe hakuwahi kulisikia, na kumbe lilikuwa swali ambalo katika Kakese nzima hakuna mtu mwingine aliyewahi kumuuliza.

Aliketi kwenye kile kigoda. Goti ndilo lililomketisha, angekwambia hivyo ukimuuliza, na mimi sitabishana naye.

Yustina hakulia na hakuomba msamaha, na katika dharau zake zote Rozalia alijikuta hana ya kumwekea kwa hilo. Kisha Yustina alisema kwamba vile vidogo viliungua, aliviona vikipasuka. Vikubwa vilikuwa vibichi, havikushika moto vizuri, alivifukia na majivu ili moshi usifike kanisani wakati wa misa. Huenda viko bado. Alikuwa anaongea huku ameshajifunga kanga ya pili kiunoni.

Walikwenda wote watatu kwenye pikipiki moja, jambo ambalo Rozalia alikuwa analidharau kwa watu wengine wote. Shimo la taka liko nyuma ya makaburi. Rozalia hakuweza kushuka humo, akabaki juu amekalia jiwe, na Yustina akaingia akapiga magoti kwenye majivu akaanza kupekua kwa mikono. Kila alichokiinua alikionyesha juu, na Rozalia akatoa hukumu. Hicho kimeoza, tupa. Hicho ni mkaa, macho unayo ya nini. Hilo ni jiwe, we mwanamke, kitunguu hukijui? Yustina akatupa, akapekua, akainua tena. Utomvu ulikuwa umeanza kumuwasha, akawa anajikuna kwa viwiko, anaendelea.

Vilivyopona havikujaza hata upindo wa kanga. Vingine vilikuwa vimebabuka upande mmoja, vingine vimekatwa na jembe. Rozalia alivipokea kimoja kimoja akavigusa shingoni kwa kidole gumba, maana penye uhai huwa pagumu, na kila alipopata pagumu pumzi ilimtoka bila kutaka.

Kaburini alimwagiza namna ya kufanya. Toboa hapa. Si hapo, hapo ni kichwani kwake. Changarawe kwanza. Shingo iwe juu, usimzike mzima mzima kana kwamba hajazikwa vya kutosha. Yustina alitoboa lile tuta lake lililosifiwa na padri, akaharibu ule ulaini wote, akapanda. Alipomaliza alisimama akatazama kule kwenye bomba la kanisa akauliza aende akachote maji.

"Unataka kuyaua mara ya pili?" Rozalia alisema.

Yustina akaketi. Rozalia akaanza kumweleza, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo aliyaeleza yote kwa mdomo wake, kiangazi na masika, majani ya njano, nyasi na vidole, kuoza na kulala. Aliyaeleza kwa ukali, kama mtu anayemfundisha punda, na kila baada ya maneno machache aliuliza umesikia. Yustina alikuwa anasema nimesikia. Mara moja moja alikuwa anauliza swali, na mabaya zaidi ni kwamba yalikuwa maswali mazuri. Rozalia alimwambia pia kwamba mwaka huu havitatoa ua. Vikihamishwa hununa, na hivi vimehamishwa na kuchomwa juu yake. Labda mwakani. Labda mwaka ule mwingine. Alisema hivyo, halafu akatazama kale kamlima na njia yake ya mawe, na Maiko kule chini anayemsubiri amshike mkono wa kushuka. Alijua atashuka. Kupanda tena ndiko hakuwa na hakika nako.

Alilia hapo. Alilia kwa sauti, bila kujifunika, mwanamke yule, mpaka Maiko akasogeza pikipiki mbali zaidi. Yustina hakumshika wala hakumwambia nyamaza mama. Alisogea tu akakaa naye ubavuni, mikono yake imevimba kwa kuwashwa, wakatazama tuta lililotobolewatobolewa.

Rozalia alipomaliza alipenga kamasi kwa upindo wa kanga, akamtazama Yustina kuanzia unyayo hadi utosi. Alikuwa mchafu wa majivu mpaka kwenye kope. Akatafuta pa kumdharau, na pengine alipapata, ila hakupasema.

"Mwakani mimi sitaweza kupanda haka kamlima," alisema. "Utakuja wewe. Utatangulia kabla ya wote, ukae hapa, mtu asisogee na jembe."

Yustina akauliza aje na nini.

"Usije na kitu," Rozalia alisema. "Akikuuliza mtu wewe ni nani yake, mwambie ni ndugu yako."